Leya, broila au kienyeji? Jibu kwa mama wa Ruai

"Habari daktari. Ninaishi Ruai. Ploti yetu ni hamsini kwa mia na nyumba imechukua karibu nusu. Nina kibanda cha mboga hapo barabarani, kwa hivyo nashinda karibu na nyumbani. Mwezi huu zamu ya chama imenifikia, nina elfu themanini mkononi, na nataka kuanza kuku wa mayai na nyama pia. Mwenye agroveti ananiambia Kuroiler, kienyeji iliyoboreshwa. Jirani ananiambia leya, wale wa mayai tu. Mzee wangu anataka broila, wale wa nyama, kwa sababu wanauzwa haraka. Nichukue aina gani? Na je, ni lazima ninunue jogoo?"

Salama, dada yangu. Nimelisoma swali lako mara mbili, na neno lililonishika si Kuroiler wala leya. Ni lile "pia".

Kuku wa mayai na nyama pia yupo. Nyanya yangu alikuwa naye kijijini: kienyeji wa asili, anachakura tangu alfajiri, jioni anapanda kulala kwenye mparachichi, anataga mayai kumi na kitu kisha anayaatamia mwenyewe. Kuku huyo kwa mwaka hutoa mayai 40 hadi 60, akitunzwa vizuri yanazidi kidogo, na pora wake huchukua nusu mwaka kabla hujamwita jogoo wa sufuria. Hakuna aliyemlaumu, kwa sababu hakuna aliyewahi kumnunulia chakula. Alitoa kidogo na hakugharimu kitu. Wewe uko Ruai. Nusu ya hamsini kwa mia haina mchwa wa kushibisha kuku 20, sembuse 100. Karibu kila punje watakayokula itatoka kwenye gunia, na gunia litatoka mfukoni mwako. Hapo hatuulizi tena ni kuku gani mzuri. Tunauliza gunia moja la chakula litakurudishia nini.

Tupige hesabu hiyo, na ukitaka chukua kalamu.

Leya wa hudhurungi wanaopatikana kwetu, yaani Isa Brown, Lohmann Brown, Hy-Line Brown na ndugu zao, wana mwili mdogo, kilo 2 hivi, na kazi yao ni moja. Wanaanza kutaga wakiwa na wiki 18 hadi 20, na kufikia wiki ya 26 hadi 30 kuku 100 waliotunzwa vizuri wanakupa mayai zaidi ya 90 kwa siku. Kwa mwaka, kila kuku anaweza kupita mayai 300. Leya mmoja anakula gramu 120 hivi kwa siku. Kuku 100 wanakula kilo 12, na gunia la kilo 70 halimalizi siku ya 6. Usitumie ile asilimia 95 iliyo kwenye karatasi ya muuzaji wa vifaranga. Tumia 85, ambayo ni ya mtu anayejitahidi na ana shida zake. Gunia moja litakupa mayai 490 na kitu, yaani trei 16. Basi gawanya bei ya gunia kwa 16. Tuseme gunia ni shilingi 3,500: chakula cha trei moja kitakuwa kama 220. Bei hupanda na kushuka, kwa hivyo weka ya siku unayosoma haya, lakini ile 16 ibaki pale pale.

Sasa chukua kienyeji iliyoboreshwa. Hapa ndipo anapoingia Kuroiler wa agroveti yako, aliyezalishwa India, na Sasso wa Ufaransa, na Rainbow Rooster, na Kenbro, na wale wa KALRO, shirika la serikali la utafiti wa kilimo na mifugo, wanaotoka kituo cha Naivasha. Ni kuku wazuri, sitamtukana yeyote. Lakini mayai yao kwa mwaka ni 150 hadi 200 hivi, na mwili wao ni mkubwa, kwa hivyo wanakula zaidi ya leya. Wape gramu 130 na utagaji wa nusu: kuku 100, mayai 50 kwa siku, gunia linaisha siku ya 5 au ya 6 likiwa limekupa mayai 270. Trei 9. Kwa bei ile ile ya gunia, chakula cha trei moja ni karibu shilingi 390.

Ndiyo, utasema, lakini yai la kienyeji linauzwa ghali. Linauzwa ghali kwa anayekuamini. Muuza mayai boilo pale steji, mwenye kachumbari yake kwenye ndoo, hatakulipa senti zaidi kwa sababu kuku wako ana madoadoa. Anataka trei, anataka bei, na kama wewe huna atachukua ya lori la Uganda. Wanaolipa bei ya kienyeji ni wateja wachache unaowajua kwa jina: wa kanisani, wa chama, mwalimu fulani mwenye mtoto mchanga. Je, unao wangapi wa kununua kila wiki, si wa kusema tu "niwekee"? Waandike kwenye daftari. Wakifika kumi wa kweli, tuzungumze. Na kwa kuwa tumefika kwenye imani za mayai: kiini cha njano hakitoki kwenye kabila la kuku, kinatoka kwenye majani na mahindi ya njano. Yale mabaki ya sukuma na mchicha ya kibanda chako, ukiyafunga kwa kamba na kuyaning'iniza bandani, yatampa leya wako kiini cha njano hadi wateja wakuulize umefanyaje.

Sasa broila wa mzee. Cobb 500, Ross 308, ndio hao. Kusema kweli hakuna mnyama mwingine unayemfuga hapa mjini anayegeuza chakula kuwa nyama haraka kama huyu: siku 35 hadi 40, kilo 2 hivi akiwa hai, baada ya kula kilo tatu na nusu za chakula, pengine kidogo zaidi. Mzee hajakosea kusema wanauzwa haraka. Alichosahau ni kwamba ni lazima wauzwe haraka.

Mimi niliingia kwa broila kabla sijajua hilo. Nilileta 200, mteja wangu alikuwa mwenye kibanda cha chipsi aliyeniahidi kuchukua wote. Siku ya 36 nikampigia, akasema subiri Ijumaa. Ijumaa simu ikawa mteja hapatikani. Broila wa umri huo anakula gramu 170 au 180 kwa siku, kwa hivyo kila asubuhi nilikuwa nafungua karibu robo tatu ya gunia la kilo 50 kwa ajili ya kuku ambao tayari walikuwa wameiva. Walizidi kunenepa, wakaanza kulala kwa sababu miguu haiwezi kubeba kifua, na joto la mchana likaua wanane kwa siku mbili. Ilikuwa Januari, hiyo tunayoiita Njaanuari. Nikaishia kuwachinja mwenyewe na mke wangu usiku, na kuzungusha nyama kwenye ndoo mlango kwa mlango. Faida iliyobaki haikununua hata vifaranga wa raundi ya pili. Tangu siku hiyo mtu akinitajia broila namuuliza vitu viwili: friza iko wapi, na nani mwingine atanunua kama wa kwanza hatashika simu?

Kwako, dada, friza hujaitaja.

Kwa hivyo ushauri wangu ni huu. Anza na leya, na usianze na 100. Anza na 60. Nyama tutaipata kwa njia nyingine nitakayokueleza. Sababu ya 60 ni kwamba leya hula miezi minne na nusu kabla hajakupa yai hata moja, na hapo ndipo wengi wanapovunjika moyo na kuwauzia jirani kuku waliobakisha wiki tatu kutaga. Kutoka kifaranga wa siku moja hadi yai la kwanza, mmoja anakula kilo 7 hivi. Sitini wanakula kilo 420, yaani magunia 6 ya kilo 70. Kwa bei yetu ya mfano ni 21,000. Ongeza vifaranga, chanjo, banda, vyombo vya maji na chakula, makaa ya bruda (boma la joto la vifaranga), na bado katika elfu themanini zako inabaki akiba. Ungeleta 100, chakula peke yake kingekuwa magunia 10, na akiba ingeisha kabla undu wa kichwani haujawa mwekundu. Wakishaanza, sitini hao kwa asilimia 85 wanatoa mayai 51 kwa siku. Ni trei 12 kwa wiki, ambazo kibanda chako cha mboga kinaweza kuziuza bila kumtafuta dalali.

Vifaranga agiza mapema kwa kampuni ya kuangua inayojulikana, na ukubali kusubiri wiki kadhaa. Usinunue kwenye sanduku la steji. Leya hawa wa hudhurungi wana siri moja nzuri: wanapoangua, majike huwa na manyoya ya hudhurungi na madume huwa meupe yenye manjano. Ndiyo sababu wanaweza kutenganishwa siku ya kwanza. Mtu akikuuzia "leya wa hudhurungi" ambao sanduku zima ni manjano, amekuuzia madume, au broila, na wewe utalisha miezi mitano ukingojea mayai ya jogoo. Jingine: uliza kama wamechanjwa Marek, na uombe iandikwe kwenye risiti. Chanjo hiyo hutolewa pale pale wanapoangulia, siku ya kwanza, na wewe huwezi kuirudisha nyuma baadaye. Kuku anayekosa utamwona miezi mitatu mbele akiwa amenyoosha mguu mmoja mbele na mwingine nyuma, na hapo hana dawa.

Wiki mbili za kwanza ndizo nitakazokaa nazo zaidi, kwa sababu kuku wengi wanaokufa Nairobi wanakufia hapo, na hawafi kwa ugonjwa. Wanakufa kwa baridi.

Tengeneza bruda ya mviringo, kwa hadibodi au hata makatoni yaliyoshonwa. Usiache pembe, kwa sababu vifaranga wakisikia baridi wanarundikana pembeni na wa chini wanakosa hewa. Tandaza maranda ya mbao, si vumbi la msumeno, kwa maana vumbi watalila wakidhani ni chakula. Siku 2 za mwanzo funika maranda kwa magazeti, nyunyiza chakula juu ya karatasi wajifunze kudonoa. Joto wiki ya kwanza liwe nyuzi 32 hadi 35 pale walipo, kisha punguza nyuzi 3 hivi kila wiki. Ukitumia jiko la makaa, liwashe nje hadi moshi uishe na makaa yawe mekundu ndipo uliingize, na uache upenyo wa hewa juu ya ukuta. Gesi ya makaa haina harufu, na imeua watu, sembuse vifaranga. Kama vifaranga watafika Juni au Julai, ujue usiku wa Ruai utakushangaza. Huo ndio msimu wa kuamka saa nane usiku kuongeza makaa, hata kama kuna balbu, kwa sababu stima hupotea saa ile ile unayoihitaji.

Kipimajoto ni kizuri lakini vifaranga wenyewe ni kipimo bora. Wakisongamana chini ya jiko na kulia kwa sauti kali, wana baridi. Wakikimbilia ukutani na kupanua midomo, umewachoma. Wakitawanyika kama punje za mtama zilizomwagwa, wengine wanakula, wengine wamelala kifudifudi kama waliokufa, hapo nenda ukanywe chai. Na usiku wa kwanza, kabla hujalala, fanya hivi: mshike kifaranga mmoja mkononi, mguse miguu kwa shavu lako. Miguu ikiwa baridi, naye ana baridi, hata kama wewe unatoka jasho. Kisha mpapase gole, pale chini ya shingo. Linatakiwa liwe laini na limejaa kama kifuko cha uji. Likiwa tupu, hajajua chakula kiko wapi. Likiwa gumu kama mchanga, amekula na hajaona maji, mchovye mdomo kwenye chombo taratibu. Papasa kumi. Nikiingia bandani kwa mtu siku ya pili, sihitaji kuuliza maswali, magole yananiambia.

Chakula kinafuata umri. Wiki 8 za kwanza ni mashi ya vifaranga, kisha mashi ya ukuaji hadi karibu wiki 18, kisha mashi ya kutaga. Usiwape mashi ya kutaga mapema ukidhani utaharakisha mayai. Ina chokaa nyingi ya ganda, na kwa kuku ambaye hajaanza kutaga chokaa hiyo inaharibu figo. Kosa la pili ni lile la kurefusha gunia kwa kuchanganya na pumba au mahindi. Najua inavyoshawishi, hasa mwisho wa mwezi. Lakini fundi wa kiwanda alipima protini ya gunia lile, asilimia 16 au 17, na wewe ukimimina debe la pumba umeishusha. Kuku hatalalamika. Atapunguza mayai tu, na utalaumu kabila lake. Mahindi yaliyoota ukungu usimpe kabisa. Ukungu huo una sumukuvu, sumu ile ile iliyoua watu 125 Ukambani mwaka 2004, na kuku haihimili.

Chanjo sasa, na hapa Nairobi ina mtego wake. Kideri, ambacho wengi hapa wanakiita Newcastle, ndicho kinachofagia banda zima kwa siku chache: kinyesi cha kijani, kukoroma, shingo inapinda hadi kuku anatazama mbingu. Hakina tiba. Chanjo yake unaipata kwa agroveti yoyote ya maana, na nyingine hutengenezwa hapa hapa Kenya na KEVEVAPI, taasisi ya serikali ya chanjo za mifugo. Ratiba inayotumika sana ni kideri ndani ya siku 10 za kwanza, Gumboro (ugonjwa mwingine wa virusi wa vifaranga) karibu siku ya 14 na kurudia wiki inayofuata, kideri tena wiki ya 3, ndui ya kuku wiki ya 6, kisha kideri na taifodi ya kuku wiki ya 8, kideri wiki ya 16 hadi 18, na baada ya hapo kila miezi 3. Afisa wa mifugo wa eneo lako anaweza kuisogeza kidogo kulingana na yanayozunguka kwenu. Mfuate yeye.

Mtego ni maji. Chanjo hizi nyingi ni virusi hai waliodhoofishwa, na unaziweka kwenye maji ya kunywa. Maji ya bomba ya jiji yana klorini, ambayo kazi yake ni kuua viumbe kama hivyo. Nimekutana na mama aliyechanja kwa tarehe zote, akanionyesha kalenda yake ukutani ikiwa na alama safi, na bado kideri kikampitia kuku karibu wote. Alikuwa akifungua bomba, anamimina chanjo, anawapa. Alikuwa amewanywesha maji. Tumia ya mvua, au ya kisima kama yenu si ya chumvi kali. Kama ni ya bomba, yaache wazi kwenye beseni la plastiki usiku kucha, asubuhi koroga maziwa ya unga yaliyotolewa mafuta, kijiko cha chai kimoja kwa lita, subiri nusu saa, ndipo uweke chanjo. Waondolee maji saa moja au mbili kabla ili wawe na kiu, na yaishe ndani ya saa mbili. Kutoka agroveti beba chanjo kwenye chupa ya chai yenye barafu, si kwenye mkoba juani ndani ya matatu ya Kangundo Road. Na kwa kuwa chupa ya chanjo nyingi ni ya kuku 100 na zaidi, na ikishachanganywa haingoji kesho, panga siku moja na jirani mgawane.

Ukinunua kuku mkubwa sokoni, au ukirudi nyumbani na uliyeshindwa kumuuza, usimwingize bandani. Mtenge wiki mbili. Kideri kingi kinaingia kwa miguu ya kuku mmoja aliyeenda sokoni akarudi.

Banda lako: kuku 5 kwa mita moja ya mraba, kwa hivyo 60 wanahitaji mita 12, tuseme 3 kwa 4. Upande mrefu utazame kaskazini na kusini ili jua la asubuhi na la jioni lisiingie moja kwa moja. Ukuta wa chini kiasi cha goti uwe mzima, juu waya, na pazia la magunia la kushusha usiku. Wenzangu wa Ruai mnajua ule udongo mweusi, mvua ikinyesha unageuka gundi. Inua sakafu futi moja juu ya ardhi, vinginevyo maranda yatalowa kutoka chini na utapigana na kuhara damu kila masika. Shika maranda mkononi ukaminye: yakiachana ukifungua kiganja, sawa, yakibaki donge, yageuze na utoe yaliyolowa siku hiyo hiyo, hasa chini ya vyombo vya maji. Na jirani asiposikia harufu hatapiga simu kaunti. Nairobi ina sheria ya kilimo cha mjini tangu 2015, kufuga unaruhusiwa, lakini hakuna sheria inayomlazimisha jirani kuvumilia uvundo.

Viota, kimoja kwa kuku 5, viwe mahali penye giza kidogo. Na balbu: sisi tuko karibu na ikweta, mchana wetu ni saa 12 mwaka mzima, ilhali leya anayetaga anataka mwanga wa saa 16. Wakishafika wiki ya 18 hadi 20 anza kuongeza taratibu, nusu saa kila wiki. Kabla ya hapo usiwaongezee, watataga mapema wakiwa wadogo na mayai yatabaki madogo.

Watu wa agroveti watakuuzia pia vipakiti vya "kuongeza mayai". Soma kilichoandikwa nyuma. Vingine ndani yake kuna antibayotiki, na mayai ya kuku anayetumia dawa hayapaswi kuuzwa hadi siku za kusubiri zilizoandikwa zipite. Kuku mzima anayekula vizuri hahitaji kipakiti.

Sasa ile nyama. Sehemu ya kwanza itatoka kwa leya hao hao. Si wote 60 watataga. Kuna wageni wa kudumu watakaokula bila kulipa kodi. Utawajua hivi: mshike kuku jioni, mgeuze, weka vidole kati ya mifupa miwili ya nyonga, pale chini ya mkia. Anayetaga vidole vitatu vinaingia, na tundu lake ni pana na lenye unyevu. Asiyetaga kinaingia kimoja kwa shida, na undu wake umesinyaa na kupauka. Baada ya mwezi wa pili wa utagaji fanya hivyo kila baada ya wiki chache, na wa kidole kimoja aende sufuriani. Wote wakishafika mwaka na kidogo wakitaga, wauze kwa mpigo. Nyama ya leya mzee ni ngumu, haifai kukaangwa haraka, lakini ichemshe saa mbili na tangawizi uone supu yake. Wapo wanaonunua hao tu.

Sehemu ya pili, hapo ndipo nampa mwenye agroveti haki yake. Mayai yakishaanza kulipa chakula chake, jenga kibanda kidogo kingine, mbali kidogo, na ulete Kuroiler au wale wa KALRO 30 kwa ajili ya nyama, si mayai. Dume hufika kilo 2 na zaidi kwa miezi 4 hivi, na tofauti na broila, mteja akichelewa wiki mbili hafi wala hakufilisi. Waingize mwishoni mwa Julai au mwanzoni mwa Agosti ili wawe tayari Desemba. Ukienda kuwauza soko la Burma, tazama anayenunua anavyofanya: hatazami manyoya, anamwinua kuku kwa mabawa, anaminya kidari kwa kidole gumba, anapima uzito kwa mkono, ndipo anataja bei. Fanya hivyo wewe kabla yake. Ila hawa Kuroiler usijaribu kuangua mayai yao mwenyewe ukitegemea watoto wawe kama wazazi. Ni mchanganyiko wa ukoo tofauti, kizazi cha pili kinatawanyika, wengine wakubwa, wengine kama wa nyanya yangu. Na wengi wao hawaatamii.

Broila basi? Mzee akinunua friza na kuniletea majina ya wanunuzi watatu, nitamtetea mwenyewe.

Kuhusu jogoo: hapana. Leya anataga bila jogoo. Jogoo anahitajika tu kama unataka yai liangue, na wewe hutaki. Atakula gramu zake kila siku, atawakwaruza kuku migongo, na saa kumi za alfajiri atawaamsha majirani wote wa ploti za hamsini kwa mia, akiwemo yule utakayegawana naye chupa ya chanjo.